Akiba ya Waya

Kila asubuhi Chapuchapu alifunga kamba za viatu huku anatembea. Chai aliinywa amesimama, nywele alizichana mlangoni, na mara nyingi alikuwa ameshafika shuleni ndipo akakumbuka kwamba daftari limebaki mezani. Jina alilopewa na wazazi wake walilikumbuka wachache. Hili la utani ndilo lililomganda. Shangazi yake, ambaye ndiye aliyemlea, alizoea kumwambia kwamba iko siku miguu yake itafika mahali na kumsahau yeye nyuma.

Shangazi huyo alikuwa fundi wa kompyuta. Kwa miaka sita alikuwa msaidizi wa fundi mwingine, akibeba ngazi na kutambaa darini na nyaya, huku sifa zikienda kwa bosi. Sasa alikuwa amepata kazi yake ya kwanza mwenyewe, tena katika shule ileile aliyosoma Chapuchapu. Masomo yote yalihifadhiwa kwenye kompyuta moja kubwa ofisini, lakini darasa la saba walikuwa jengo jipya, ng'ambo ya uwanja, na kompyuta zao nane hazikuwa na habari na ile ya ofisini. Bajeti yenyewe ilikuwa ya kubana mkanda. Shangazi akapendekeza waya mmoja upite chini ya ardhi, ndani ya mabomba ya plastiki yaliyokwisha kutumika, ambayo wanafunzi wangeyaleta kutoka nyumbani. Waya ulionunuliwa ulitosha umbali huo, ukabaki wa ziada kidogo tu.

Jumamosi wanafunzi wa darasa la saba walichimba mtaro, na mabomba yakalazwa. Chapuchapu na rafiki yake Kobe, msichana mpole asiyejua kukimbilia jambo, walipewa kufukia sehemu ya katikati, chini ya mlingoti wa bendera. Shangazi aliwaagiza wote wafukie kwa mikono. Tena alisema kwamba likitokea lolote, hata dogo, aitwe kwanza kabla ya udongo kurudi.

Kobe alipokwenda kunywa maji, Chapuchapu aliona wenzao wa pembeni wanakaribia kumaliza. Akalichukua jembe avutie udongo. Kwa pigo la tatu akasikia kitu kinapasuka.

Bomba lilikuwa na ufa, na ndani yake waya ulikuwa umejeruhiwa. Kati ya nyuzi nane nyembamba zilizomo, mbili zilikuwa zimekatika: uzi wa kijani na mwenzake mweupe wenye mstari wa kijani. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akazisokota rangi kwa rangi, akazifunga kwa kipande cha mfuko wa plastiki, kisha akafukia. Kobe aliporudi alikuta kazi imekwisha. Akacheka, akasema leo hata mchwa wangeomba wapumzike.

Jioni ile kompyuta za jengo jipya zilifungua masomo kutoka ofisini. Watu walipiga makofi, na Mwalimu Mkuu akampa Shangazi mkono. Chapuchapu alijaribu kupiga makofi naye, lakini mikono ilikuwa mizito.

Tangu hapo hakukalika. Darasani alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia, mara akae, mara asimame, mara achungulie mlingoti dirishani. Kila mara alijiambia kwamba mtandao unafanya kazi, basi kuna neno gani? Jumatatu ikanyesha mvua. Jumanne asubuhi kompyuta zote nane zikawa hazioni kitu.

Mwalimu Mkuu alimwita Shangazi, na Chapuchapu, aliyetumwa chaki ofisini, akayasikia maneno yote akiwa mlangoni.

"Rahisi ni ghali, fundi," alisema Mwalimu Mkuu. "Ijumaa ikifika hivi, nitatafuta mtu mwingine, na nikiulizwa habari za kazi yako nitasema nilichokiona."

Shangazi alichomeka kifaa chake cha kupimia, na taa zake nane, moja kwa kila uzi, zikawaka moja baada ya nyingine, isipokuwa ya tatu na ya sita. Alijua kwamba waya una jeraha, ila hakujua ni wapi. Akachukua sepeto, akaanza kufukua kutoka upande wa ofisini, peke yake, hatua kwa hatua.

Hadi mapumziko alikuwa hajafika hata robo, na viganja vilikuwa vimeanza kuota malengelenge. Chapuchapu alimtazama dirishani akaona aibu. Akatoka mbio, kisha alipokaribia akapunguza mwendo. Kwa mara ya kwanza alitamani uwanja ule ungekuwa mrefu zaidi.

"Shangazi, usichimbe hapo," alisema. "Ni kwenye mlingoti. Mimi ndiye niliyeukata, kwa jembe, nikauficha."

Shangazi akamkabidhi sepeto. Chapuchapu alifukua kwa uangalifu, mwisho kwa vidole, mpaka mfuko ukaonekana, umejaa maji.

Shangazi alikwenda kwenye kila jengo, akaufungua waya wa ziada aliokuwa ameuzungusha ukutani, kisha yeye na Chapuchapu wakauvuta taratibu kuelekea mlingotini kutoka pande zote mbili. Akaikata sehemu iliyoharibika, akavalisha kila ncha kichwa kipya, akaziunganisha kwa kiungio kidogo ndani ya kisanduku kisichoingia maji, kisha akakifunga kisanduku hicho kwenye mlingoti, juu ya ardhi, mahali maji yasipotuama. Zamu hii taa zote nane ziliwaka. Chapuchapu ndiye aliyekwenda kumweleza Mwalimu Mkuu, bila kusindikizwa. Alipewa adhabu ya kufagia chumba cha kompyuta mwezi mzima. Kisha Mwalimu Mkuu akatoka mwenyewe hadi mlingotini, akamwomba Shangazi radhi.

Walipokuwa wakikusanya vifaa, Chapuchapu aliuliza waya ule wa ziada ulikuwa wa nini, maana yeye siku zote hizo aliuona umefungwa ukutani bila kazi.

"Ule ni akiba," Shangazi alijibu. "Hata fedha ziwe chache vipi, fundi huacha akiba kila upande, kwa sababu watu hukosea. Mimi nakosea, wewe unakosea. Kosa lako nilikuwa nimeliwekea nafasi tangu siku ya kwanza, mwanangu. Ungeniita Jumamosi, tungemaliza kabla ya chai. Lakini uongo sikuuwekea akiba, na hakuna fundi anayeweza. Ukikosea, sema mapema, waya ukiwa bado mkavu."

Kobe alikuja na maji ya kunywa. Chapuchapu akaketi chini, akanywa taratibu mpaka kikombe kikaisha.