Pazia la Chini ya Meza

Trrr. Kimya. Trrr, trrr, trrr.

Asubuhi ya nyumba ile ilianzia masikioni kabla macho hayajafumbuliwa. Kwanza cherehani ya mama, kisha, chini ya mlio wake, sauti nyembamba ya mtu anayevumisha wimbo usio na maneno. Mmm, mmm-mmm. Cherehani ikienda kasi, sauti nayo ilipanda. Cherehani ikisita, nayo ilisita. Kiranja alizisikia zote mbili akiwa bado amejifunika shuka gubigubi, akajua kwamba dada yake pacha ameshaamka.

Shuleni, pacha huyo aliitwa Kinanda kwa sababu ya mvumo wake. Jina hilo alibandikwa na Redio, mvulana wa dawati la nyuma ambaye mdomo wake haukujua likizo. Kiranja naye aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa kiranja wa darasa la sita, na jina lake alilipenda kama mtu anavyopenda shati jipya.

Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa duka la mama. Kando ya cherehani palikuwa na meza pana ya kukatia nguo, na mbele ya meza mama alining'iniza pazia alilolishona kwa vipande vilivyobaki, vya bluu, vya maua, vya mistari. Nyuma ya pazia hilo, chini ya meza, palikuwa pa Kinanda. Kelele za dunia zilipomzidi, alijiingiza humo, akakaa juu ya mto wa pamba, akavumisha pamoja na cherehani. Akishatulia, alilisogeza pazia mwenyewe, akatoka kama mtu aliyeoga.

"Mwenzako ana usonji," mama alimweleza Kiranja tangu wakiwa wadogo. "Sauti inayokugusa wewe, yeye inampiga. Maneno yake mwenyewe humtoka kwa shida, ndiyo maana huazima ya wengine. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala hakuna aliyekosa. Ndivyo alivyo, na ni wako."

Kweli, Kinanda aliazima. Aliweza kurudia maneno ya mtu vilevile yalivyosemwa, hata kwa sauti ya mtu huyo. Mteja akilalamika dukani leo, kesho Kinanda angelalamika vilevile akiwa anapiga mswaki, na mama angecheka mpaka sindano zimtoke mdomoni.

Shuleni hapakuwa na pazia. Kengele yao ilikuwa ringi kuukuu ya gurudumu la lori, na ilining'inia nje ya dirisha la darasa la sita. Ilipogongwa kwa nondo, Kinanda aliziba masikio na kuvumisha kwa nguvu ili mvumo wake uifunike ile kelele. Siku nyingine hilo halikumsumbua mtu sana. Ijumaa ndiyo iliyokuwa balaa. Kila Ijumaa palikuwa na gwaride, na darasa lililosimama wima na kimya kuliko yote lilipewa kibendera cha kijani, likakitundika juu ya ubao wiki nzima. Darasa la sita lilikuwa halijawahi kukigusa mwaka huo.

"Kiranja!" Redio alimpokea getini Ijumaa moja. "Leo tena tunakwenda kuaibika? Hivi kinanda chenu hakina kitufe cha kuzimia?"

Wenzake waliangua kicheko.

"Nyamaza wewe, mdomo kama bomba bovu!"

"Bomba bovu hufungwa, kaka. Si mlifunge na lenu!"

Wakacheka tena. Kiranja alihisi masikio yanamuwaka moto. Kinanda alikuwa ameshika ncha ya mkono wa shati la Kiranja, kama alivyofanya kila siku, akitazama viatu vyake. Wala hakuonekana kujua kama anachekwa. Au alijua. Kiranja hakuwahi kumuuliza.

Kabla ya gwaride, wengine wakitoka mbio uwanjani, alimwongoza hadi kwenye stoo ya majembe nyuma ya maktaba. Ndani palikuwa na giza na harufu ya chokaa. Alijiambia kwamba si vibaya. Si nyumbani anapenda mahali pembamba, penye giza? Hapa ni kama chini ya meza tu. Pengine hata atafurahi.

"Kaa hapa kidogo tu," alimwambia. "Nakuja sasa hivi."

Kinanda alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa kuwa ndugu yake ndiye aliyemwambia akae. Kiranja alitoka, akavuta mlango, akasukuma komeo la nje.

Darasa la sita lilisimama siku ile kama misumari. Mwalimu Mkuu alipita mbele ya mistari na miwani yake, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hapo kengele ikagongwa kufunga gwaride. Kibendera kilikuwa ndiyo kwanza kinatua mikononi mwa Kiranja wakati kishindo kilipotokea nyuma ya maktaba. Kikafuata kingine, halafu kioo kikavunjika.

Kiranja alikimbia kuliko wote. Alifika, akafungua komeo kabla mtu hajaliona, na Kinanda akatoka kama jiwe lililorushwa, mweupe kwa chokaa kuanzia nywele hadi miguuni. Hakumwona mtu. Alimgonga mwalimu wa zamu aliyekuwa anakuja nyuma, mwalimu akaanguka vibaya, mkono ukateguka. Ndani ya stoo rafu zilikuwa zimelala chini na dirisha limevunjwa kwa mpini.

"Ameingiaje humu?" Mwalimu Mkuu aliuliza akihema.

"Nimemkuta ndani, Mwalimu," alisema Kiranja.

Halikuwa neno la uongo, na ulikuwa uongo mtupu.

Kuanzia siku hiyo Kinanda alibaki nyumbani. Mwalimu Mkuu alimwambia mama kwamba shule haiwezi tena. Ng'ambo ya mji ilikuwapo shule maalumu ya bweni, na mwalimu wa huko angekuja kumwona mtoto. Mama hakubishana. Alianza kushona mfuko wa nguo.

Asubuhi sasa Kiranja aliamshwa na cherehani peke yake. Trrr. Kimya. Hapakuwa na mvumo chini yake. Kinanda alikuwa amelikusanya pazia lote, akalifunga juu kwa utepe, mafundo matatu. Hakuingia tena chini ya meza. Alikaa kizingitini mwa mlango wa mbele, mgongo kwenye fremu, mtu asiweze kuufunga. Na kwa mnong'ono alirudia maneno yaleyale.

"Kaa hapa kidogo tu. Nakuja sasa hivi."

"Nani alikwambia hivyo, mwanangu?" mama alimuuliza kwa upole, akimfuta uso. "Nani alikwambia ukae?"

"Nakuja sasa hivi," alijibu Kinanda. "Fungua. Fungua."

Kiranja aliinamia sahani yake. Siri yake ilikuwa inatangazwa mchana kweupe, na mtu wa kuielewa alikuwa yeye tu. Angesema, angevuliwa ukiranja na kuchekwa shule nzima. Asiposema, mfuko ule ungejazwa nguo. Darasani alikitazama kibendera cha kijani juu ya ubao, akatamani kukichana.

Siku ya kikao ilifika. Ofisini walikuwapo Mwalimu Mkuu, mama, Kinanda karibu na mlango ulioachwa wazi, na mwalimu mgeni, mwanamke mnene wa sauti ya chini, aliyeketi sakafuni ili asimzidi Kinanda kimo. Kiranja aliitwa kwa kuwa ndiye aliyemkuta stoo.

"Mama, hatumchukii binti yako," alianza Mwalimu Mkuu. "Lakini mwalimu wangu ameumia, na nina watoto wengi wa kuwalinda. Huko wako wataalamu. Atakuwa na wenzake."

"Wenzake," alisema mama. "Na huyu aliyezaliwa naye ni nani wake?"

Mwalimu mgeni alinyanyua kichwa. "Naomba niseme. Shule yangu ni nzuri, na naipenda. Wako watoto waliokuja bila njia ya kusema hata kiu, leo wanazungumza nasi kwa picha. Wako wanaopahitaji kweli. Ila mimi simchukui mtoto kwa sababu amewachosha watu. Namchukua kwa sababu kwetu ni pazuri zaidi kwake. Sasa nielezeni, kabla ya zile rafu kuanguka, nini kilitangulia?"

Nje mtu aligonga kengele, ringi ikalia, na Kinanda akaziba masikio.

"Kaa hapa kidogo tu!" alisema kwa nguvu. "Nakuja sasa hivi. Fungua! Fungua! Fungua!"

Maneno ya kwanza aliyasema kwa sauti ya mvulana. Yaliyofuata yalikuwa kwa sauti yake.

"Sauti hii ni ya nani?" aliuliza mwalimu mgeni taratibu.

Mlango ulikuwa wazi. Kiranja aliutazama, akaona mguu wa dada yake umewekwa palepale ili usifungwe. Akasikia mdomo wake unafunguka wenyewe.

"Yangu. Mimi ndiye niliyemfungia. Nilisukuma komeo kwa nje, kisha nikalifungua kabla hamjaliona. Hakuingia mwenyewe. Hakutaka kumuumiza mtu." Akaibandua beji ya ukiranja na kuiweka mezani. "Nilitaka kibendera."

Mama alimgeukia. "Wewe? Mliobanana tumbo moja?"

Ingekuwa heri angempiga.

"Kwa nini stoo?" mwalimu mgeni alimuuliza.

"Nilidhani atapapenda. Nyumbani hukaa chini ya meza, gizani."

"Na mbele ya meza hiyo kuna nini?"

"Pazia."

"Nani hulifungua?"

"Yeye mwenyewe," alisema, machozi yakamtoka.

Mwalimu mgeni alisimama, akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Hapo ndipo penye tofauti yote, na si kwa mtoto huyu tu, ni kwetu sisi wakubwa. Mtoto akija shuleni kwangu kwa kuwa panamfaa, na akawa na njia ya kutoka na kurudi kwa watu wake, hilo ni pazia. Akiletwa ili ninyi mpate gwaride la kimya, hiyo ni stoo, hata tuipake rangi nzuri namna gani."

Mwalimu Mkuu alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. "Kibendera nilikianzisha mimi," alisema hatimaye. "Nilipima nidhamu kwa ukimya. Kijana, umekosa, na kusema kweli hakufuti mkono wa mwalimu wako. Utakwenda kumwomba radhi, na beji itabaki hapa. Lakini umesema ulipoweza kunyamaza. Nami siwezi kuwa mdogo kuliko wewe."

Ringi ilihamishiwa mwisho wa uwanja. Kwenye kona ya maktaba kulitundikwa pazia, na aliyelishona hahitaji kutajwa. Redio ndiye aliyeshika nyundo. "Kumbe hata mimi nina kitufe cha kuzimia," alimnong'oneza Kiranja, "sema kilikuwa kimekwama." Ilikubaliwa kwamba mwalimu mgeni atakuja mara kwa mara kuwafundisha walimu, na mwisho wa mwaka watakaa tena, mama na Kinanda wakiwamo, waulizane panapomfaa. Kibendera kilirudishwa kabatini.

Jioni ya siku ile ya kikao, dukani, pazia la vipande lilikuwa bado limefungwa juu kwa mafundo yake. Kiranja hakuligusa. Aliketi sakafuni mbele ya meza, akangoja. Mama akakanyaga cherehani. Trrr. Trrr, trrr. Baada ya muda Kinanda alikuja kutoka kizingitini, akapita pembeni yake, akaingia chini ya meza. Akafungua fundo moja. Akafungua la pili. La tatu aliliacha, na pazia likaning'inia nusu.

Mmm, ikasikika. Mmm-mmm.

"Dada," alisema Kiranja, kwa sauti ambayo angetaka airudie kesho, na keshokutwa, na mbele ya watu wote, "sitakufungia mlango tena. Na yeyote atakayetaka kukufungia, atanikuta mimi nimesimama mlangoni."