Choo cha Pili

Mimi ni Saulo. Nina hoteli ya chai hapa Uyole, njia panda, pale barabara ya Tukuyu inapoachana na ile ya Iringa. Hoteli yenyewe si kubwa. Ina meza nne, mabenchi manane na dirisha moja la kupitishia chakula. Lakini asubuhi za baridi, malori yakisimama nje na madereva wakaingia wakisugua mikono, siibadilishi na hoteli yoyote ya Mbeya mjini.

Kazi tuligawana. Mimi nilikaa mbele na wateja, maana napenda kuongea. Mke wangu Damari alisimama katikati, dirishani. Nyuma, jikoni, alikuwa Tusajigwe, mke wa mwanangu Anyitike. Anyitike mwenyewe alifanya kazi katika kambi ya watengeneza barabara, akija nyumbani mara moja kwa mwezi. Maandazi ya Tusajigwe ndiyo yaliyovuta watu. Mimi niliwapa maneno ya kuyashushia.

Sisi Wanyakyusa tuna heshima yetu. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutani uso kwa uso. Mkwe hamtazami baba mkwe, hamtaji jina, wala hakai mahali alipokaa yeye. Kwa hiyo kila nilipotaka kupita uani nilikohoa kwanza, naye akajificha nyuma ya mlango. Wageni walidhani nina kifua kibovu. Tuliishi hivyo miaka miwili bila neno baya, na maandazi yake niliyajua kuliko sura yake.

Sasa niseme habari ya choo changu. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya soko, na barazani nilipenda sana kusimama na kusema. Nilichimba choo kirefu, nikakiwekea sakafu ya simenti na mlango wa bati. Kisha nikawaambia wenzangu, "Jengeni kama cha kwangu." Wazee wanne wanaoishi nami kando ya kijito wakajenga. Tukasifiana sana. Mzee Asukile, mwenyekiti wetu, alisema choo changu kinapita nyumba yake ya kwanza kwa uzuri, nami sikumkatalia.

Basi mwaka 1956, mwezi wa Machi, mvua zikiwa nyingi, dereva mmoja jina lake Gideoni aliingia hotelini amekonda.

"Mzee Saulo," akasema, "juzi nimekula kwako. Nilipofika Chimala tumbo likanishika. Nimesimamisha lori mara sita njiani, abiria wananicheka."

"Pole, mwanangu. Labda ni chakula cha Chimala."

"Chimala sikula kitu. Nilikuwa porini."

Nilicheka, lakini wiki hiyo hiyo wengine wanne wakaja na habari ile ile. Wawili waliharisha damu. Maneno ya madereva hukimbia kuliko lori. Kabla ya Jumapili, barabara yote mpaka Iringa ilijua kwamba kwa Saulo kuna tumbo. Mabenchi yakabaki matupu.

Jumatatu akaja Bwana Afya. Jina lake Philbert, kijana wa Iringa, kaptula ya kaki, baiskeli, na daftari mfukoni. Alinisalimu kwa adabu, kisha akasema lililomleta.

"Mzee Saulo, watu tisa wameugua, na wote wamekula hapa. Nakupa siku kumi na nne. Tukipata chanzo tukakiondoa, vizuri. Tusipopata, leseni yako itarudi ofisini na hoteli itafungwa."

Shamba sina. Hoteli ile ndiyo shamba letu, ndiyo iliyowalisha watoto wangu tangu wadogo. Niliogopa, wala sioni aibu kulisema.

Nikaanza kupigana na adui nisiyemjua. Nilimfukuza muuza maziwa, mtu mwema kabisa. Nikatupa mkebe mzima wa majani ya chai. Nikamgombeza Damari kwa ajili ya unga, naye akaninunia siku mbili. Magonjwa hayakukoma.

Siku ya kumi Bwana Philbert alirudi. Nilimpokea kwa ukali kidogo, maana nilikuwa nimechoka.

"Bwana Afya, chai naichemsha. Maandazi yanaiva ndani ya mafuta ya moto. Ugonjwa utapitia wapi?"

"Vikombe unaosha kwa maji gani?" akauliza.

"Maji ya kijito. Maji safi, unaona mpaka mawe ya chini."

"Unayachemsha?"

"Maji ya kuoshea tu nichemshe?"

"Mzee wangu, wadudu wa ugonjwa huu hawaonekani kwa macho. Wanatoka katika kinyesi cha mtu. Wakiingia majini, maji yanabaki meupe vile vile. Ukiosha kikombe, wanabaki kwenye kikombe. Chai yako haina kosa."

"Lakini hapa kila nyumba ina choo. Mimi mwenyewe ndiye niliyewahimiza."

"Basi twende tupande na kijito, tuone."

Tukapanda. Juu kidogo ya mahali tunapochota maji kuna kichaka kikubwa. Nyasi za kando yake zilikuwa zimekanyagwa, njia imekuwa nyeupe. Nikasema ni njia ya ng'ombe. Bwana Philbert akaingia kichakani, akatoka upesi.

"Hawa si ng'ombe," akasema. "Na mvua ikinyesha, yote yanateremka kijitoni. Ni nani wanaokuja huku?"

Sikujua. Tuliporudi nikamwita Damari, akasimama mlangoni akifuta mikono.

"Mama Anyitike, Bwana Afya anauliza nani wanaokwenda kule kichakani."

Damari akaelekeza kidole chooni.

"Baba Anyitike, choo chako kile nani anakitumia?"

"Sisi sote."

"Wewe unakitumia. Mimi nakitumia, na wateja. Tusajigwe je? Mkwe atakaa vipi mahali unapokaa wewe? Hata njia ya kwenda huko haikanyagi."

Mila ile naijua tangu utoto. Lakini zamani kwetu Rungwe vijana walijenga kijiji chao, mbali na baba zao. Mkwe alikuwa na njia zake na migomba yake. Sisi wa barabarani tunaishi ua kwa ua, na mimi nilichimba shimo moja nikafikiri nimewachimbia wote.

"Anakwenda saa ngapi?" Bwana Philbert akauliza taratibu.

"Saa kumi alfajiri, kabla watu hawajaamka. Kwenye mvua, kwenye baridi. Na sasa ana mimba ya miezi mitano. Wala hayuko peke yake. Wakwe wa wazee wote wa kando ya kijito wanakutana huko."

Basi wazee watano tuliosifiana barazani, wote tulikuwa na vyoo vizuri, na wake wa wana wetu walikuwa kichakani. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Nilimheshimu mkwe wangu kwa kutomtazama, nikasahau kumfikiria.

Bwana Philbert hakumlaumu mtu. Alisimama upande huu wa ukuta akasema kwa sauti, ili Tusajigwe asikie kule jikoni.

"Dada, hukufanya kosa. Ulikosa mahali pa kwenda, na huko porini hukuwa na maji ya kunawa. Tutalitengeneza."

Kisha Tusajigwe akamnong'oneza Damari dirishani, na Damari akatuletea jibu.

"Anasema ndaga, asante. Anasema pia kichakani kuna nyoka."

Bwana Philbert akatuonyesha la kufanya. Choo cha wakwe kichimbwe upande wa chini, hatua hamsini au zaidi kutoka kijitoni. Kiwe na njia yake, mlango ugeukie shambani. Tundu liwe na mfuniko, nzi wasiingie wakatoka. Mlangoni litundikwe kopo la maji lenye tundu dogo, na sabuni kando yake, kila atokaye anawe. Maji ya kunywa na ya kusuuzia vikombe yachemshwe.

Nikashika jembe papo hapo. Damari akanipokonya.

"Ukichimba wewe hatakiingia. Mwite Anyitike."

Anyitike aliomba ruhusa kambini, akaja na Isakwisa, kaka yake Tusajigwe. Walichimba siku mbili. Mimi nilikatazwa hata kusogea kutazama. Nilikaa mbele ya hoteli tupu, mikono mapajani.

"Choo kimoja hakitoshi," Bwana Philbert akaniambia. "Wengine wanne wakiendelea na kichaka, kijito kitabaki vile vile, nami nitalazimika kuifunga hoteli."

Hapo nikaona kazi yangu ni ipi. Kusema.

Siku ya kumi na tatu kulikuwa na baraza. Nilisimama. Mara nyingi nimesimama pale, lakini siku hiyo nilivua kofia kwanza. Nikawaeleza habari ya madereva, maji, na njia ya kichakani. Nikasema wazi kwamba mkwe wangu hakuwa na choo, na kwamba kosa ni langu.

Mzee Yotamu, jirani yangu wa karibu, akanikatiza.

"Saulo, mambo ya wakwe hayasemwi barazani. Unatuvunjia heshima."

"Mzee Yotamu," nikasema, "mkwe wako anaamka usiku, anakwenda kwenye nyoka, kwa sababu anakuheshimu. Yeye ameshika mila. Sisi tumemheshimu kwa lipi? Siombi mila ivunjwe. Naomba tuchimbe shimo la pili."

Mzee mmoja akaangalia viatu vyake. Nyuma, walikoketi wanawake, nilisikia mtu akicheka polepole, na wenzake wakampokea. Ndipo Mzee Asukile akainuka. Kwa kawaida akifunga baraza, jua huzama kabla hajamaliza kusema.

"Baraza limefungwa," akasema. "Nina shimo la kuchimba."

"Huwezi kulichimba wewe, mzee," nikamwambia. "Mkwe hataingia."

Akafikiri kidogo.

"Basi nina mwana wa kumwita."

Kesho yake majembe yalisikika nyua nne. Kwa Mzee Yotamu walianza mapema kuliko wote, ingawa yeye alikaa ndani na mlango ameufunga. Bwana Philbert alipoona mashimo yanachimbwa, akaniongezea mwezi mmoja.

Tulichemsha maji kila siku. Damari akawa mkali wa sabuni, hata mimi alinirudisha mlangoni mara mbili nikanawe. Yule muuza maziwa nilimrudia, nikamwomba radhi. Wateja wakarudi mmoja mmoja, kwanza wa karibu, kisha wa Tukuyu. Hakuna aliyeugua.

Mwezi ulipotimia, Bwana Philbert akaja na baiskeli yake. Alipanda na kijito peke yake. Mimi nilikaa nje nikimngoja. Aliporudi, miguu yake ilikuwa imelowa umande mpaka magotini.

"Vipi huko, Bwana Afya?"

"Ile njia siioni tena," akasema. "Nyasi zimeifunika."

Kisha akaegemeza baiskeli ukutani. Tangu aanze kuja kwangu hakuwahi kuonja hata tone la maji. Siku hiyo alinawa mikono kwa sabuni, akavuta benchi, akaketi kati ya madereva.

"Mzee Saulo," akasema, "niletee chai. Na maandazi manne."