Mbeleko Iliyobaki Ziwani

Shangazi yetu Bernadina hakuwa mtu wa maneno mengi, na kisa hiki alikisimulia mara moja tu. Mwaka 1951, baada ya kumzika mwanawe wa kwanza, alikaa majuma kadhaa akisikia kitoto kikilia kisimani, na kijiji kizima cha Ngokolo kikajua. Mumewe Athanas, aliyekuwa akifanya kazi mgodini Geita, akamwandikia mdogo wake Onesmo amlete shemeji yake. Ila akionyesha tena dalili zile, amrudishe kwa wazazi wake, ndoa iishie hapo. Barua hiyo ilisomwa mbele ya watu. Bernadina aliona aibu ya kufa, lakini alimpenda mumewe, akaapa moyoni kwamba safarini hataona kitu wala hatasikia kitu.

Walipanda motaboti Mwanza asubuhi, ziwa limetulia. Karani wa chombo akawahesabu abiria: kumi na saba. Pembeni ya Bernadina aliketi mwanamke aliyenyolewa upara, na juu ya sikio la kushoto wembe ulikuwa umemkata, damu bado mbichi. Wakaamkiana Kisukuma na, kama ilivyo ada, mwanamke akajitaja: yeye ni Mbuke, wa kwa Bujiku, Kharumwa. Hakusema amefiwa na nani. Kila mara alimtazama kwa kuibia mwanamume mwenye koti jeusi aliyekaa nyuma yao.

Bernadina akamhurumia. Akafungua furushi, akatoa mbeleko ya marehemu mwanawe, kitu ambacho hajawahi kumruhusu mtu hata akiguse, akamfunika nayo kichwa.

"Nitakurudishia tukifika," Mbuke akanong'ona.

Katikati ya ziwa mvua ikaja. Mabaharia wakawafunika abiria kwa turubai, kila mtu akajikunyata. Turubai lilikuwa na tundu, na Bernadina, ambaye siku hizo hakuweza kutulia popote, akachungulia. Mwenye koti alikuwa amesimama ukingoni, kiganja chake kwenye kisogo cha Mbuke. Akamsukuma taratibu, kama mtu anayefunga mlango. Mbuke hakulia. Maji hayakuruka.

Aliyepiga kelele ni Bernadina.

Motaboti ikasimama. Turubai likafunuliwa. Karani akahesabu, wakawa kumi na saba. Akarudia, kumi na saba. Mwenye koti alikuwa mahali pake, na ubavuni mwake mwanamke mwenye upara, sura ile ile, gauni lile lile.

"Mke wangu huyu hapa," alisema kwa upole. "Dada anaumwa?"

Wengine walicheka, wengine wakampa pole, na pole ndiyo iliyomuuma zaidi. Onesmo akamwinamia sikioni.

"Neno moja tu tena, shemeji, chombo hiki hiki kinakurudisha."

Bernadina akamkagua kwa macho mke huyo. Juu ya sikio la mwanamke yule hapakuwa na mkato. Mbeleko haikuwepo. Akajisogeza, akamwamkia chini chini.

"Mwangaluka, Mbuke."

Msukuma haachi salamu bila kuiitikia, awe na hasira, awe mgonjwa. Mwanamke yule akafungua kinywa. Badala ya jibu, maji ya ziwa yakamtiririka kidevuni.

Mwenye koti alikuwa akimtazama Bernadina, anatabasamu. Onesmo akamuuliza ameona nini. Mbele, bandari ya Nungwe ilikuwa imeanza kuonekana, na kando ya lori mtu amesimama anapunga kofia. Alikuwa Athanas.

"Sijaona kitu, shemeji."

Walishuka. Mwenye koti na mkewe wakashika njia ya mgodini, hawakugeuka. Bernadina alitafuta mbeleko chini ya kila kiti mpaka karani akamfukuza.

Nyumbani kwa mumewe huko Geita, majuma matatu hakupata usingizi wa maana. Kila saa aliinuka, akagusa komeo, akarudi kitandani. Kisha asubuhi moja akaikuta mbeleko kwenye kamba ya nguo, inachuruzika. Mvua haikuwa imenyesha. Kutoka njiani mpaka kizingitini kulikuwa na alama za nyayo, zimelowa. Zilikuja. Hazikurudi.

Athanas akatoka, mswaki mdomoni.

"Nani kafua mbeleko ya mtoto?"

Angesema kweli, jioni ile angepakiwa kwenye lori. Na hapo hapo, nyuma ya Athanas, ndani ya nyumba, sauti ya kike ikamwamkia Bernadina Kisukuma, ikamtaja jina. Athanas aliendelea kupiga mswaki.

"Mimi," Bernadina akamjibu mumewe.

Ile salamu hakuiitikia. Alizeeka kwenye ndoa yake, akazaa watoto sita, na chumbani hakukaa peke yake hata siku moja. Tulipomzika tulifungua sanduku lake kugawana nguo. Zote zilikuwa kavu. Mbeleko ilikuwa chini kabisa, imekunjwa vizuri, na tulipoikamua ilitoa maji na mchanga wa ziwa.