Maji ya Kunawa Mlangoni

Wendelin hakunawa. Wote waliotoka makaburini waliinama kwenye beseni lililowekwa mlangoni, wakanawa mikono, ndipo wakaingia. Yeye aliliruka, laptop kwapani.

"Nawa kwanza, binamu," Gaudiosa alimwambia. "Usituletee mtu wa makaburini ndani."

"Nimekuja na laptop tu," alicheka. "Umeme wa huku ziwani haunisubiri."

Gaudiosa akampa flashi. Humo mlikuwa na sauti ya mama yake, Avelina, waliyemzika mchana ule: wimbo mmoja, alioimba kanisani kabla koo halijaugua. Nakala nyingine haikuwepo. Jioni hiyo, kwenye sala, Gaudiosa alitaka mama awaimbie kwa mara ya mwisho.

Faili likagoma kufunguka. Wendelin akapakua programu ya bure. Ikamuuliza jambo, akabonyeza kubali. Ikauliza tena; akabonyeza kubali.

"Mbona husomi?"

"Nani husoma haya, dada? Bonyeza, songa mbele."

Programu haikuja peke yake. Nyuma yake ziliingia nyingine ambazo hakuna aliyeziita: ya kamari, ya matangazo, na moja iliyojiita Msafishaji. Hiyo ikapekua flashi, ikaona faili kuukuu lenye kasoro, ikalifuta.

"Lirudishe," Gaudiosa alinong'ona.

Wendelin alihangaika, kisha akafunga laptop. "Limekwenda. Wimbo tu, dada. Utazoea."

Ndipo ikaja harufu. Samaki wabichi wa usipa, mchanga uliolowa, ubani. Spika zikakoroma, Wendelin akachomoa waya, lakini mkoromo haukukoma, ukapanda mezani, ukapita kwapani mwake, ukamwingia kifuani taratibu kama maji yanavyoingia mtumbwini, mpaka midomo yake ikafunguka yenyewe na sauti ya mwanamke ikasema kwa upole:

"Ulimkubali kila aliyegonga. Nami nimegonga."

Jua lilipozama watu wakapiga magoti, na Wendelin akaimba. Aliimba kwa sauti ya Avelina, ileile, yenye mtetemo mwishoni mwa kila ubeti, na wanawake wakalia kwa furaha wakidhani ni flashi, wasione kijana aliyejishika koo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni, akitafuta pa kuvuta pumzi katikati ya mashairi na asipate.

Shangazi Hedwiga aliona. Akamsogelea Gaudiosa, akamshika kiwiko.

"Huyu hakunawa! Mletee yale maji, mwanangu, upesi. Akinawa, mama yako atamwachia."

Gaudiosa akainuka. Akaenda mlangoni, akalinyanyua beseni, maji yakicheza ndani yake. Wendelin alimwona, akanyoosha mikono kwake, huku wimbo ukiendelea kumtoka.

Gaudiosa akamtazama kwa muda. Kisha akatoka nje uani, akayamwaga yote mchangani, akarudi na beseni tupu, akapiga magoti mbele yake.

"Rudia ubeti wa kwanza, mama," alisema.