Mahudhurio ya Kanda

Jumamosi ile kanda ilianza kwa kuita majina, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Chuo kikuu kilikuwa kimeanza kuwafundisha wafanyakazi wa mjini kwa kinasa sauti: mhadhiri anazungumza kule mlimani, kanda inaletwa kwenye ukumbi mmoja wa Gerezani. Siku zote majina aliyaita Pantaleo, fundi wa mashine, kutoka kwenye daftari.

Elieshi, karani wa duka la ushirika Kariakoo, alimtupia Pantaleo jicho la pembeni. Alihisi anawachezea shere.

"Fikirini uliyehamia dirishani," kanda iliita.

Fikirini alikuwa amehamia dirishani dakika ileile. "Nipo," akajibu, kicheko kikimkwama. Harufu ya udi ikatoka kwenye mashine.

"Waridi binti Hamis."

Waridi alikaa chumba kimoja na Elieshi, na siku hiyo alilala na homa. Akikosa na mara hii, ya tatu, hafanyi mtihani wa ualimu. Elieshi akafanya ambalo wanafunzi hufanyiana tangu daftari libuniwe: akabana sauti, akaitikia, "Nipo."

"Nimeipokea," kanda ikasema.

Aliporudi nyumbani alimkuta Waridi kitandani, homa imekwisha, machozi yanamtoka, mdomo wazi. Hakutoa hata mguno.

Elieshi akakimbilia kwa Bi Zamzam, mganga wa Mchikichini. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Bibi akamsikiliza hadi mwisho wa kisa. "Aliyewaita mlimwona?"

"Ni mhadhiri, bibi. Yumo kwenye kanda."

"Nimeuliza, mlimwona?"

Elieshi akatikisa kichwa.

"Asiyeonekana haitikiwi, mwanangu, seuze kwa jina la mwenzio. Umempa sauti isiyo yako. Ataiachia akipata ya mwenye kosa."

"Nikikataa?"

"Utabaki na yako. Mwenzio atabaki bubu."

Elieshi alitoka akimshuku hata bibi mwenyewe, maana waganga nao wana yao. Lakini kosa lilikuwa lake, na hapo hakukuwa na mwingine wa kushuku.

Jumamosi iliyofuata alimshika Waridi mkono wakaingia ukumbini, Pantaleo akiwa amesimama mlangoni akinong'ona kwamba yeye hakuiwasha mashine, waya wa umeme huo hapo sakafuni, watazame wenyewe, na kweli waya ulikuwa sakafuni, ila magurudumu ya kanda yalikuwa yakizunguka polepole, udi ukiwakaba koo, na ile sauti ya kisomi ikipumua kati ya jina na jina, ikiwapita wote mmoja mmoja, ikishuka hadi kwa Elieshi.

"Elieshi."

Na yeye alitaka ualimu. Aliutaka kuliko kitu chochote. Akamtazama Waridi.

"Nipo," akasema.

Waridi akakohoa. "Nasema," alinong'ona. "Elieshi, nasema." Akamkumbatia, akilia kwa furaha, kisha akamwangalia usoni. "Mbona kimya, dada? Sema basi."

Elieshi akafungua mdomo.

"Nipo, Waridi," mashine ikajibu kwa sauti ya Elieshi.