Shamba Lililolambwa na Ng'ombe

Magige aliwaamini ng'ombe kuliko alivyowaamini watu. Kila asubuhi aliwasalimia ng'ombe kwanza, ndipo akamsalimia mkewe, Wankyo, mama wa Robi. Wankyo alikuwa amezoea. Alikoroga uji wake jikoni huku akimsikia mumewe akiwaita ng'ombe kwa majina, kwa sauti ya upole ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuipata.

Basi ulipofika mwaka wa kuhamia vijijini, wakatoka kwao karibu na Butiama, wakaletwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa upande wa Bunda. Magige hakumuuliza mtu achague shamba gani. Aliwaachia ng'ombe. Ng'ombe wakaenda moja kwa moja kwenye uwanda mmoja mweupe, wakainamisha vichwa, wakalamba udongo. Walilamba mpaka wakagoma kuondoka.

"Ni hapa hapa," Magige aliwaambia wagawaji wa mashamba. "Ng'ombe hajawahi kunidanganya."

Wagawaji walitazamana. Hakuna mtu mwingine aliyelitaka shamba lile, kwa hiyo wakampa haraka kabla hajabadili mawazo.

Magige akalisafisha shamba lake. Alichoma nyasi zote, akang'oa na mizizi, mpaka likang'aa kama uwanja wa ngoma. Jirani yake, Bernado, baba yake Boke, alichelewa kuhamia. Hakupata nafasi ya kuchoma kitu. Alipanda mtama wake katikati ya mashina ya nyasi, na watu wakamcheka, wakamwita mvivu. Magige alicheka kuliko wote.

Masika yalifika, mtama ukaota. Halafu mvua ikakatika. Asubuhi moja Wankyo alikwenda kupalilia, akasimama pale pale na jembe begani.  Ncha za majani zilikuwa zimeungua, kama mtu amezipitishia kibiriti. Juu ya udongo kulikuwa na unga mweupe.

"Mungu wangu!" alisema. "Nani ametumwagia majivu?"

Hakuna aliyemwaga kitu. Mtama wote ulikufa.

Sasa nyumbani lilibaki kapu moja la mbegu. Ulikuwa mtama mwekundu, mbegu ambayo Wankyo alipewa na mama yake siku alipoolewa. Wankyo alilitazama kapu lile mpaka macho yakamuuma. Wakiila mbegu, hawatakuwa na cha kupanda. Wakiipanda na ikafa, hawatakuwa na mbegu wala chakula. Alikuwa na hofu, na hakuificha.

Wakati ule serikali ilikuwa ikihimiza Kilimo cha Kufa na Kupona. Kijijini akaletwa bibi shamba, jina lake Jeska, mzaliwa wa Nyasho, Musoma. Alipofika shambani kwa Magige, hakuuliza maswali. Aliinama, akabana udongo kidogo kwa vidole, akauonja kwa ncha ya ulimi.

Wankyo akashtuka. "Wewe mama, unakula udongo?"

"Nimeonja tu," Jeska alisema, akatema. "Hii ni chumvi. Mmelima sahani ya ng'ombe!"

Magige alinuna. "Ng'ombe wangu hawadanganyi."

"Hawakukudanganya, Baba Robi. Walikuwa wanatafuta chumvi, wakaipata. Ni wewe hukuwauliza wanatafuta nini."

Wankyo aligeuka upande ili mumewe asimwone akicheka. Lakini kicheko kilimwisha mara moja, kwa sababu Jeska aliendelea: "Bado kuna njia. Tutatia kuvu shambani."

"Kuvu!" Wankyo alipiga kelele. "Kuvu ndiyo iliyoozesha ulezi wa mama yangu ghalani. Tulikuwaga tunalala njaa! Leo unataka niiweke kwenye mbegu yangu ya mwisho?"

"Si ile, mama. Kuvu ziko za namna nyingi. Ile ya ghalani ni mwizi. Hii ya mizizi ni rafiki. Njoo nikuonyeshe."

Akampeleka mpakani kwa Bernado. Udongo wa pale nao ulikuwa na weupe, lakini mtama ulikuwa hai. Jeska alichimbua taratibu, akatoa vimizizi vyembamba.

"Ndani ya vimizizi hivi kuna kuvu. Huwezi kuiona kwa macho. Inatoa nyuzi nyembamba mno, zinakwenda mbali, mahali ambapo mzizi hauwezi kufika. Zinaleta maji na chakula. Tena zinausaidia mmea kuvumilia chumvi. Na mmea unaipa kuvu sukari yake."

"Bure?" Magige aliuliza.

"Wewe ukiwekesha ng'ombe wako kwa rafiki, ni bure?"

"Hapana. Yeye anakunywa maziwa, mimi nabaki na ng'ombe na ndama."

"Basi ndivyo wanavyoishi. Kila mmoja anapata chake. Bernado hakuchoma wala hakung'oa mizizi ya nyasi, kwa hiyo kuvu yake ilibaki. Wewe ya kwako uliichoma, na iliyobaki ukaing'oa pamoja na mizizi."

Magige alimtazama Bernado aliyekuwa akipalilia kule mbali, yule mvivu. 

Jeska akaeleza kazi. Wachukue udongo wenye vimizizi kutoka kwenye mtama wenye afya, kamwe si mtama mgonjwa. Wautie kwenye vyungu vibovu vyenye matundu chini, pamoja na mchanga safi. Wapande humo mbegu chache za mtama na kuzimwagilia maji kiasi wakati wote wa kiangazi. Kuvu itaongezeka kwenye mizizi.

Kesho yake jua lilipochomoza, Wankyo alichukua ungo, akaenda kuchota udongo chini ya mtama wa Bernado. Hakuona ubaya wowote. Bibi shamba si amesema?

"Uuuwi! Uuuwi!"

Wankyo aliruka. Bernado alikuwa amesimama nyuma yake. "Njooni muone! Mama Robi anabeba shamba langu!"

Watu walitoka majumbani mbio. Hapo ndipo Wankyo alipokumbuka. Kwao, mtu anayechota udongo wa shamba la mwenzake asubuhi mapema anajulikana kwa jina moja tu. Ni mchawi. Anahamisha mavuno. Ungo ukamponyoka mikononi.

"Mura, ndugu yangu, mke wako anataka watoto wangu wafe njaa!" Bernado alimwambia Magige, aliyefika akihema. 

Jeska aliitwa. Alipoona udongo uliomwagika, akashika kichwa. "Kosa ni langu. Nilimwambia achukue udongo, sikumwambia aombe. Nisameheni."

Akawaeleza wote habari za kuvu. Bernado alisikiliza huku amekunja uso. "Nikimpa, mavuno yangu hayatapungua?"

"Baba Boke, jirani akija kuomba moto jikoni kwako, moto wako unapungua?"

"Haupungui."

"Na kuvu ni hivyo hivyo. Mnachota kidogo tu, huku na huku."

Bernado alifikiri. Kisha akapiga magoti, akachota mwenyewe kwa mikono yake, akaujaza ungo. "Nimekupa mbele za watu," alisema. "Asitokee mtu kusema umeiba."

Kiangazi chote Wankyo alivitunza vyungu vile kama anatunza vifaranga. Vuli ilipokaribia aliacha kumwagilia, akakata mabua, akakatakata mizizi, akaichanganya na udongo wake. Shambani waliacha lile eneo la katikati lenye chumvi nyingi libaki sahani ya ng'ombe. Kando yake walipiga matuta ya kuzuia maji ya mvua, ili yazame na kushusha chumvi. Walitia samadi iliyooza vizuri. Hawakuchoma kitu.

"Shamba chafu hivi!" Magige alilalamika. "Watu watasema nini?"

Katika kila shimo Wankyo alitia gao moja, kiganja kimoja tu, la udongo wa chungu, kisha mbegu juu yake ili mizizi ikutane na kuvu mapema. Alipofika chini ya kapu, alizihesabu mbegu moja moja. Magige, mbishi, alipanda mstari mmoja bila udongo ule.

"Nataka kuona mwenyewe," alisema.

"Panda," Jeska alimjibu. "Lakini nawaambia mapema, kuvu si muujiza. Jua likizidi kabisa, hakuna kitakachosimama."

Mvua ilinyesha, halafu ikakatika tena, vile vile kama masika. Wankyo aliogopa kwenda shambani. Alijipa kazi za nyumbani hata zisizokuwapo. Mwishowe alikwenda, akitazama miguu yake njiani, ndipo akainua macho.

Mstari wa Magige ulikuwa umekauka wote. Kushoto na kulia kwake mtama ulisimama kijani! Haukuwa mrefu sana, lakini ulikuwa hai, na masuke yalikuwa yameanza kutoka. Wankyo aliketi chini, akalia kwa sauti. Magige alikuja, akaushika mtama mkavu kwa mkono mmoja na wa kijani kwa mkono mwingine, akabaki anatikisa kichwa tu.

Ghala halikujaa mwaka ule. Lakini watoto walikula, na kapu la mbegu likajaa tena mpaka juu.

Baada ya mavuno, asubuhi moja, Wankyo alisikia mtu anakohoa mpakani. Alikuwa Bernado, ameshika ungo na ameinamisha uso. Kumbe kabla ya vuli alichoka kuitwa mvivu, akayapuuza maneno ya bibi shamba. Alichoma shamba lake lote, akang'oa mizizi, likang'aa kuliko la Magige lilivyong'aa. Alivuna mabua matupu.

"Hodi, Mama Robi. Naomba udongo."

Wankyo alimtazama, akautazama ungo. Kisha akajaza pumzi.

"Uuuwi! Njooni muone! Baba Boke anabeba shamba langu!"

Bernado aliruka, ungo ukamponyoka. Wankyo alicheka mpaka akashika mbavu, na Bernado, alipopata pumzi, akacheka naye. Wankyo akauokota ule ungo, akapiga magoti chini ya mabua yake, akaanza kuchota kwa mikono yake mwenyewe.