Sauti ya Aliyetangulia

Haya yalimpata rafiki yangu muuguzi, na kila kitu nilimuuliza mara mbili. Alikuwa anampelekea bibi yake dawa ya pumu, katika kijiji cha kale cha mawe kilicho mlimani. Kaka yake alitangulia kwa baiskeli, yeye akamfuata kwa yake. Msituni, miti na ukungu viliuziba mwanga wa mchana hata asione gurudumu lake la mbele. Alifuata sauti tu, maana anayetangulia ndiye hutangaza hatari za barabarani.

"Shimo kushoto."

"Nimeliona, kaka."

"Muongo wewe. Kata kulia."

Alicheka, akakata kulia. Walikwenda hivyo kilomita tisa.

Alipofika alimkuta bibi peke yake, anahema kwa shida. Akampa dawa, pumzi ikatulia, ndipo akampigia kaka yake.

"Mnyororo ulikatika kabla sijaingia msituni," kaka akamwambia. "Nilikuita, ukanipita bila kugeuka."

Simu ikiwa bado sikioni, akaisikia sauti ya kaka yake nje ya mlango, ikimwelekeza mtu taratibu: "Ngazi tatu. Angalia unapokanyaga."

"Mjukuu wangu huyo," bibi akasema, na tayari alikuwa ameshaondoa komeo.